Namba Ambazo Maricel Hakuziandika

Laguna Honda, 4 Machi 2012

Mpwa wangu Maricel,

Kabla sijaingia katika jambo lililonifanya nishike kalamu, inanipasa kukujulisha kuwa nyumbani tungali wazima. Mama yako, dada yangu Delia, amepika sufuria tatu za jamu ya matunda ya membrillo na kuzipanga juu ya kabati mahali ambapo anaamini sifiki. Mzee Rufino Oyarbide, aliyekuwa mwoka mikate wa mji wa Colonia Sauce kabla ziwa halijaumeza, amekatazwa chumvi na daktari, naye amemkataza daktari kuja kwake.

Naandika kwa karatasi kwa sababu unayoijua: bahasha iliyofungwa kwa gundi huonekana ikifunguliwa, ilhali barua pepe haionyeshi.

Sasa jambo lenyewe. Nitaeleza hata yale unayoyafahamu, maana waraka usiojieleza wenyewe si waraka. Kompyuta sita za maktaba yetu zina kadi za michoro, zile zinazochora picha kwenye skrini, za kampuni ambayo jina lake sitaliandika. Viendeshi vya kadi hizo, yaani programu zinazosimama kati ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, na kadi, na kuiamuru kadi ifanye nini, ni viwili. Cha kwanza ni cha kampuni. Kina nguvu, lakini kimefungwa, na hakuna raia anayeruhusiwa kusoma kilichomo. Mwaka jana kampuni ilitangaza kuwa kadi zetu zimezeeka na haitazihudumia tena, na Linux mpya haikipokei kiendeshi hicho. Cha pili ni kiendeshi huria, kilichoandikwa na watu wa kujitolea ambao kampuni haikuwapa hata ukurasa mmoja wa maelezo. Kinafanya kazi, nakiri, lakini hakijui namna ya kuipandisha kadi mwendo. Kadi huamka katika mwendo wake wa chini kabisa na kubaki hapo hapo.

Kwa hiyo Colonia Sauce, tuliyoijenga upya ndani ya kompyuta, mlango kwa mlango, kwa kumbukumbu za wazee waliobaki, inatambaa. Tarehe 10 Novemba itatimia miaka ishirini na saba tangu maji yaingie. Nimemwahidi Mzee Rufino kuwa siku hiyo atatembea kutoka stesheni hadi kwenye duka lake la mikate mbele ya watu wote. Ahadi hiyo niliiandika na kuitia sahihi.

Ndiyo sababu kompyuta ya sita nimeiachia Linux ya zamani, ingawa haiwezi kuendesha mji wetu, na kiendeshi funge, nami nakitegea sikio. Kipo kinasa kinachoandika kila namba ambayo kiendeshi hicho huipelekea kadi. Nimekwisha kunasa mara arobaini na moja, na rekodi zote nimezituma kwa mradi wa kiendeshi huria. Katika kompyuta hiyo, Linux yenyewe, mara kiendeshi funge kinapoingia, hujiandikia kwamba imetiwa doa. Na mashine yenye doa ikilalamika, wasimamizi wa Linux hawaisikilizi. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki.

Mama yako anasema umepata kazi mjini Córdoba katika "kampuni ya kompyuta". Kampuni ipi? Na ikiwa karibu nawe yuko mtu anayefahamu ni namba ipi inayopandisha mwendo wa kumbukumbu ya kadi, neno moja tu lingetosha.

Wako katika damu na katika imani,
Hipólito Goñi
Mtunza Chumba cha Kompyuta, Maktaba ya Wananchi

&nbsp;

Córdoba, 29 Machi 2012

Mjomba Polo,

Pokea busu la shavuni, na jingine umpe mama kabla hajaanza kulalamika kwamba simwandikii. Huku chai ya mate wanainywa na majani ya peperina, yanayonukia kama mnanaa. Mwanzoni nilidhani nimewekewa dawa ya tumbo, sasa siwezi bila hayo. Jirani wa juu anajifunza tarumbeta. Amejua wimbo mmoja, na hata huo nusu.

Kazi ni nzuri. Tunakula saa saba, kiti changu kinazunguka, watu wana adabu.

Kuhusu lile swali lako, sina la kusema.

Mwambie Mzee Rufino nakumbuka alivyokuwa akinipa ncha ya mkate nikiwa nimesimama nje ya maktaba nakungoja ufungue. Rekodi zako bado unazifanya mwenyewe, kwa mkono wako? Endelea hivyo hivyo, mjomba. Hivyo hivyo tu.

Maricel

&nbsp;

Laguna Honda, 20 Aprili 2012

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika na zimegawanywa kama ulivyoagiza. Mvua imenyesha siku nne. Mama yako ana kikohozi, nacho kinapungua.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikaichunguza kama kitu. Karatasi ni nzito kuliko zile zinazouzwa madukani. Ukingo wa juu umekatwa kwa mkasi, vidole viwili kamili. Na mtu hakati sehemu ya juu ya karatasi isipokuwa palikuwa na kichwa cha barua asichotaka kionekane. Niliuliza swali moja lenye vipengele viwili. Cha kwanza hukukijibu kabisa. Cha pili ulikijibu kwa maneno saba, na katika maneno hayo hukusema kuwa hujui.

Nilimkalisha mama yako mezani nikamuuliza.

"Delia, mtoto anafanya kazi wapi?"

"Kwenye kompyuta, Polo, mara ngapi?"

"Kompyuta si mahali."

"Basi kwenye jengo. Lina lifti. Unataka nikuchoree?"

"Jina la kampuni, Delia."

"Aliniambia nisiseme, na mimi sisemi. Na ukiendelea kuinua barua ya mwanangu kwenye taa hivyo, nitaichukua niiweke kwenye sidiria, tuone utaichungulia wapi."

Kwa hiyo lipo jina, na lipo agizo la kulificha. Maricel, wewe ulijifunza kusoma kwenye meza ya tatu ya maktaba hii. Ukiwa na umri wa miaka kumi na mmoja ulivunja Linux yangu ya kwanza na kuiunda upya kabla sijarudi kutoka sokoni. Naomba jibu lisilo na kona: je, wewe ni mwajiriwa wa kampuni ya kadi, ndiyo au hapana?

Hipólito Goñi

&nbsp;

Córdoba, 2 Juni 2012

Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua nne, zote nikazichana.

Siwezi kukuandikia ndiyo, wala siwezi kukuandikia hapana. Kuna karatasi niliisaini. Hayo nadhani naruhusiwa kuyasema, hata hapo sina hakika.

Nakuomba kitu kimoja tu: usiniulize tena kuhusu namba. Si kwa ajili yangu. Kila ukiniuliza unajisogeza mahali pabaya na hujui. Mama anasema unazikagua bahasha zangu kama karani wa forodha. Zikague, sawa, lakini usiniulize.

Mzee Rufino anaendeleaje? Yule wa tarumbeta amehama. Nimeshangaa kwamba namkumbuka.

M.

&nbsp;

Laguna Honda, 9 Julai 2012

Bi. Maricel Bertoldi,

Mama yako amepona. Mzee Rufino alilazwa siku sita kwa sababu ya moyo, akarudi nyumbani akiwa na vidonge vya rangi tatu. Ameniuliza kama Novemba inaweza kusogezwa ije mapema. Nimemweleza kuwa maadhimisho hayasogezwi.

Karatasi uliyoisaini imejibu badala yako. Sikulaumu kwa kutafuta riziki. Ila inanilazimu kukueleza hatua niliyochukua, ili asije mtu akasema nilitenda kwa siri.

Msimamizi wa mradi wa kiendeshi huria, Mcheki aitwaye Radovan, humtaka kila mchangiaji atamke kwamba hakuona nyaraka za siri za kampuni wala kupokea chochote kutoka kwa wafanyakazi wake. Sababu ni wazi: kampuni ikithibitisha kuwa hata namba moja iliibwa badala ya kutafutwa, mradi mzima unaweza kushtakiwa. Tamko hilo nililitia sahihi kwa moyo mweupe. Kisha, kwa kuwa sipendi tamko lenye upungufu, niliongeza aya kumweleza kwamba nina jamaa wa karibu ambaye nadhani ameajiriwa humo, na kwamba niliwahi kumuuliza.

Alinijibu siku ile ile. Amesimamisha rekodi zangu zote, ambazo sasa ni hamsini na sita. Hazitaguswa mpaka apate uthibitisho wa maandishi kutoka kwa jamaa huyo kwamba hakunipa kitu. Na ikionekana kuwa nilipewa, hata herufi moja, zitatupwa zote, nami sitaruhusiwa kuchangia tena.

Nimetafakari sana jambo hili. Uthibitisho wa mtu aliyefungwa mdomo na kampuni nitauamini vipi? Pia nimejiuliza, na nakuuliza wewe, kama haingekuwa rahisi kwa kampuni kumtumia ndugu yangu kuniletea zawadi. Kunipa namba ndiyo njia ya hakika ya kunizima. Kwa hiyo naomba rasmi usiniletee kitu chochote.

H. Goñi

&nbsp;

Laguna Honda, 30 Agosti 2012

Bi. Maricel Bertoldi,

Hujajibu barua yangu ya tarehe 9 Julai. Badala yake, tarehe 21 mwezi huu, posta ilileta bahasha nene ya kahawia yenye muhuri wa Córdoba, isiyo na jina la mtumaji, na anwani yangu ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Sikuifungua. Niliiweka katikati ya meza nikawaita mashahidi wawili, yaani mama yako na Mzee Rufino.

"Fungua, Polo," akasema Mzee Rufino. "Labda kuna mwanamke amekutumia picha."

"Bahasha hii haifunguliwi."

"Katika umri wako mimi nisingeringa hivyo."

Mama yako aliichukua akaipima mkononi. "Hii ni ya mwanangu."

"Umejuaje? Mwandiko si wake."

"Nimejua kwa sababu mimi ni mama yake, nawe ni nyumbu. Nipe kisu hicho."

Hakupewa kisu. Tulikwenda sote watatu kwa hakimu wa amani, Bi. Sarlanga, ambaye aliipokea bahasha, akaandika hati kwamba gundi haijaguswa, akaifungia katika kasha lake la chuma. Hati ina ukurasa mmoja na nusu na imeandikwa vizuri. Tangu siku hiyo mama yako ananipikia bila kunisemesha.

Ikiwa wewe ndiye uliyeituma, fahamu kuwa jambo lililokusudiwa halikufaulu.

H. Goñi

&nbsp;

Río Cuarto, 5 Oktoba 2012

Mjomba Polo,

Barua yako ilizunguka Córdoba ikinitafuta mpaka ikanikuta hapa kwa rafiki yangu, ninapolala kwenye kochi. Niliisoma nikacheka, halafu nikalia, halafu nikakukasirikia kiasi kwamba nilioga nikiwa na soksi.

Bahasha ni yangu. Anwani aliandika karani wa posta, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa masanduku. Jina la mtumaji sikuweka kwa sababu siku ile sikuwa na mahali pa kuandika: nilikuwa nimeacha kazi asubuhi, na chumba jioni.

Nitakueleza kwa nini niliacha. Namba sitakueleza hata moja, usijali, kaa ulipo. Mwezi wa saba, siku chache baada ya barua yako kufika, meneja aliniita na orodha. Ilikuwa ya watu wanaopeleka rekodi kwa mradi huria, ili waone ni nani anakaribia kupata nini. Mstari wa kumi na nne ulikuwa H. Goñi, Laguna Honda, hamsini na sita. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Maricel, si wewe ni wa huko? Unamjua huyu bwana?"

Nikasema simjui.

Mjomba, nilisema simjui mtu aliyenifundisha kusoma. Nilirudi kwenye kile kiti kinachozunguka nikakaa. Wiki mbili nzima nilikaa na neno hilo moyoni. Halafu nikaandika barua ya kujiuzulu.

Na wewe ulidhani kunyamaza kwangu ni kwa ajili yao! Neno moja ulilokuwa ukiniomba tangu Machi lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku, kwenye ukurasa ambao sasa siwezi kuusahau hata nikitaka. Ningeliandika, ungefurahi siku moja, na rekodi zako zote zingekuwa takataka. Mimi nimeshatiwa doa, mjomba. Sitaweza kugusa kiendeshi kile tena, si leo, si mwakani. Niliona afadhali abaki mmoja msafi katika familia.

Ndani ya bahasha mna vitu vitatu. Nakala ya barua ya kujiuzulu. Tamko langu lenye muhuri wa mthibitishaji wa hati, linalosema kwamba sikukupa kitu, yaani lile lile analolitaka huyo Mcheki wako. Na karatasi moja ndogo ya kukuuliza kama naweza kurudi nyumbani. Nilingoja jibu wiki sita.

Nyumba ni yako, sio ya mama, ndiyo maana nilikuuliza wewe.

Maricel

&nbsp;

Laguna Honda, 20 Oktoba 2012

Mpwa wangu Maricel,

Barua yako imefika jana. Mama yako alikuwa tayari ameisoma wakati mimi ningali natafuta miwani.

Pamoja na hayo, sikuweza kukubali bahasha ifunguliwe mbele yangu, kwa sababu nilichokuwa nacho bado kilikuwa neno lako tu. Nilimwomba Bi. Sarlanga aifungue akiwa peke yake, asome, na kuthibitisha kama ndani yake mna habari yoyote ya kadi. Mimi nilisimama kwenye ukumbi wa nje nikiwa nimeziba masikio. Hatimaye mlango ulifunguliwa.

"Don Hipólito, ingia. Hakuna namba."

"Hata moja, Bi. Hakimu?"

"Kuna tarehe."

"Tarehe nayo ni namba."

"Polo!" Hilo lilikuwa neno la kwanza la mama yako kwangu tangu Agosti. "Ingia kabla sijakupiga na huu mkoba!"

Niliingia. Nilisoma barua yako ya kujiuzulu, ambayo imeandikwa kwa ufasaha. Ningebadilisha koma moja tu. Nilisoma tamko. Kisha nilisoma ile karatasi ndogo, nami nikaomba kiti.

Tamko limekwenda kwa Radovan jana hiyo hiyo. Amezifungulia rekodi zote, lakini ameonya kuwa kazi ya kuzisoma ni ya mwezi mzima, na leo ni tarehe 20. Wiki zilizopotea katika kasha la chuma ndizo hasa zilizokuwa zikihitajika. Kosa hilo ni langu, na halina shahidi wa kunitetea.

Nimeandika maombi na malalamiko mengi katika maisha yangu, kwa manispaa, kwa reli, kwa benki, na yote yalidai haki yangu. Huu ni waraka wangu wa kwanza wa kuomba nisichostahili. Kwa hiyo sijui mpangilio wake, nawe utanisamehe mapungufu. Naomba radhi. Nilikutilia shaka kwa sababu ulinyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kulikonilinda. Naomba urudi nyumbani.

Mjomba wako,
Hipólito

&nbsp;

Laguna Honda, 26 Novemba 2012

Mpwa wangu Maricel,

Mama yako amelipokea neno lako kwamba utafika Jumamosi, na amezishusha jamu za membrillo kutoka juu ya kabati.

Ulitaka kusikia habari za tarehe 10. Kiendeshi huria kilikuwa bado hakijapata namba zake. Kadi ilibaki katika mwendo wake wa chini, mbele ya watu sitini na padri. Mzee Rufino alikaa, akashika kipanya, akaanza kutembea kutoka stesheni. Picha zilikuja moja moja. Alipita nyumba ya posta, akapita kinyozi, na kwa kila hatua watu walipata muda wa kusema ni nani aliyekuwa akikaa pale na alimuoa nani. Alichukua dakika arobaini na mbili kufika kwenye duka lake. Nilimwinamia nikamwomba msamaha kwa uzito wa mashine.

"Uzito gani?" akasema. "Kwa magoti haya ningechukua dakika hizo hizo."

Mbele ya mlango wake aliachia kipanya, akauliza nani aliyeupaka rangi ya kijani, maana ulikuwa wa buluu. Nilimwambia ni mimi. Akasema, "Nilijua tu."

Juzi Radovan ametoa kiendeshi kipya. Namba ya mwendo wa kumbukumbu ilipatikana katika rekodi yangu ya hamsini na tatu. Mtaa sasa unakwenda kama upepo. Mzee Rufino aliujaribu, akafika dukani kabla hajakohoa, akaniomba niurudishe ulivyokuwa. Kwa hiyo kompyuta tano zinakwenda kwa kasi na moja, ile iliyo karibu na mlango, nimeiachia mwendo wa zamani kwa matumizi yake.

Bado hatujapata namba ya feni. Inazunguka kwa kelele mchana kutwa, nami nimeanza kuitafuta. Sitakuuliza. Lakini najua uso wako haujawahi kujua kuficha kitu. Nikikosea utakunja kipaji cha uso, nikikaribia utatabasamu, nami sitaki kupewa hata tabasamu. Kwa sababu hiyo meza ya tatu nimeisogeza, na kiti chako nimekiweka mahali pake, kikitazama dirisha na kunipa mgongo.

Basi linaingia saa moja na robo asubuhi. Nitakuwepo saa moja kasoro robo.

Mjomba wako,
Polo